Soko la mitishamba la Qingping, Guangzhou: cha kununua Aprili, cha kununua Oktoba, na cha kuacha

Maonyesho ya Canton, yale makubwa ya biashara ya Guangzhou, hufanyika mara mbili kwa mwaka, Aprili 15 hadi Mei 5 na tena Oktoba 15 hadi Novemba 4. Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaofuata vigae, vipuri na nguo hujikuta Guangzhou katika misimu miwili ambayo wenyeji huihofia kwa afya zao. Kuanzia Machi hadi Aprili mji unaloa: sakafu zinateleza, kuta zinatiririsha maji, nguo hazikauki. Ikifika Oktoba upepo wa kaskazini unaleta ukavu, midomo inapasuka, koo linawasha na kikohozi hakina hata chembe ya kohozi. Watu wa Guangdong, jimbo la mji huu, hawangojei kuugua. Wanabadilisha supu. Na viungo vya supu hizo, tangu 1979, vinapatikana Qingping.

Tuanze na hukumu. Kwa viungo vya supu, Qingping ni soko zuri kuliko duka lolote la utalii mjini: mzigo unatoka haraka, chaguo ni kubwa, na unashika kitu kwa mkono kabla ya kulipa. Kwa maua ya chai ni la wastani. Kwa dawa ya ugonjwa halifai kabisa. Mwenye sukari, presha au kikohozi cha wiki tatu hahitaji muuza mizizi, anahitaji daktari.

Soko liko wilaya ya Liwan, ng'ambo ya mfereji ukitokea kisiwa cha Shamian. Kutoka Xiaobei, wanakofikia wengi wetu, panda metro laini ya 5 hadi Ouzhuang, badili laini ya 6, shuka Huangsha, kisha tembea kidogo. Nenda asubuhi, mwanga wa jua ukiwepo, kwa sababu rangi ndiyo shahidi wako wa kwanza na taa za vibandani huibadilisha. Kitu unachotaka kununua kitoe nje ya kibanda ukiangalie.

Bei hutajwa kwa jin, na jin ni gramu 500, si kilo. Hapo ndipo wageni wengi wanapoumia: anasikia bei, anaifurahia, anaagiza mbili akidhani ni kilo mbili. Vitu ghali hutajwa kwa liang, yaani gramu 50. Ukivuka kwenda Hong Kong vipimo vinabadilika, liang ya huko ni kama gramu 38 tu, kwa hiyo usilinganishe bei za miji hiyo miwili kabla ya kupiga hesabu. Vibanda vya mbele huuza hata liang mbili. Vilivyojaa magunia ni vya jumla, na huko watakutazama tu.

Aprili: kuondoa unyevu

Tabibu wa Kichina husema unyevu wa nje huelemea wengu, na wengu wao husimamia usagaji wa chakula, kazi ambayo wengu wa vitabu vya hospitali haina. Dalili wanazozitaja ni mwili mzito asubuhi, ulimi wenye utando mnene, tumbo kujaa, choo kisichoshikana. Uamini nadharia hiyo au usiiamini, supu inayotokana nayo ni chakula kizuri, haina mafuta mengi, na viungo vyake ni vya bei nafuu.

Kiungo cha kwanza ni wuzhimaotao, mzizi wa mti wa jamii ya mtini unaosifika zaidi ukitoka milima ya Heyuan, kaskazini mashariki mwa Guangdong. Unauzwa vipande vyembamba, vya rangi ya kahawia hafifu, na una harufu ya nazi. Si ya kuhisi kwa mbali: ukiutia kwenye maji ya moto, jikoni kunanukia tui. Harufu hiyo ndiyo kinga yako pia. Porini mzizi huu huota karibu na Gelsemium, mmea wenye sumu kali ambao mizizi yake hujipenyeza katikati ya mizizi ya wuzhimaotao, na Guangdong imeshapata vifo kwa watu waliochimba wenyewe na kuchanganya. Sumu hiyo huanza na kizunguzungu, kuona vitu viwiliviwili na kope kushindwa kufunguka, kisha pumzi inakata. Kwa hiyo nunua vipande vya aina moja, gome lenye nyuzi ngumu zinazochanika kama kamba, harufu ya nazi kwa kila konzi unayochukua. Mzizi wa kupewa na mtu barabarani au wa kuchimbwa jana, uache.

Cha pili ni fuling, kuvu unaokua kwenye mizizi ya misonobari, unaouzwa kama vijiti vyeupe vya mraba au karatasi nyembamba zilizojikunja. Hapa udanganyifu ni wa unga uliokandamizwa. Tafuna kipande: fuling halisi hunata kwenye meno na haina ladha ya wanga. Ukifika hotelini, dondoshea tone la ayodini ya vidonda. Cha unga kinageuka bluu iliyokolea, fuling inabaki nyekundu ya kahawia. Na ukiichemsha saa mbili, halisi inabaki na umbo lake. Ya bandia inageuza supu kuwa uji.

Cha tatu, yimi: punje nyeupe nene zenye mfereji wa kahawia katikati. Chagua ndogo. Zilizo kubwa ni za jamaa yake, hazilainiki hata uchemshe vipi. Nusa gunia, maana yimi ina mafuta na ikikaa huchacha. Wenye tumbo baridi, wanaohara kirahisi, wachukue iliyokaangwa, rangi ya njano yenye harufu ya bisi. Mama mjamzito aiache; katazo hilo ni la zamani na wauzaji wakweli hulitaja wenyewe.

Cha nne, chixiaodou, maharage mekundu membamba yasiyong'aa. Usiyachanganye na hongdou ya mviringo, inayofaa kwa vitafunio vitamu tu. Na ukiona punje nusu nyekundu nusu nyeusi, zile zinazotungwa shanga Pwani, hizo ni sumu. Hazina kazi jikoni.

Kwa watu wanne: wuzhimaotao gramu 50, fuling 20, yimi 30, chixiaodou 30, jani moja la ganda la chenza, tangawizi vipande vitatu, mifupa ya kuku au ya ng'ombe nusu kilo na ushee, maji lita mbili na nusu. Wenyeji hutumia nguruwe. Kuku wa kienyeji anatoa supu bora kuliko hiyo kwa maoni yetu, kwani mzizi huu hupendana na kuku. Loweka yimi na maharage saa mbili. Mifupa ichemshe peke yake dakika tano, mwaga maji yake yenye povu, osha. Weka vyote pamoja kwenye maji baridi, chemsha kwa moto mkali mpaka itokote, punguza moto hadi uso wa maji utikisike tu, acha saa moja na nusu hadi mbili. Chumvi mwisho. Ikitoka chungu, chanzo ni ganda la chenza: hukukwangua utando mweupe wa ndani baada ya kuliroweka, au uliweka matatu ukidhani mengi ni bora. Ikitoka chachu, kuna kitu kilichofukizwa kiberiti, na tutalifikia hilo.

Ganda la chenza, chenpi, linastahili aya yake. Linalotajwa kuwa bora hutoka Xinhui, wilaya ya mji wa Jiangmen, na ili liitwe chenpi ya Xinhui sharti liwe limekaushwa na kutunzwa miaka isiyopungua mitatu. Huchanwa majani matatu yaliyoshikana kwenye kitako. Liinue kwenye mwanga: vitundu vya mafuta vinaonekana wazi, vimetawanyika sawasawa. La miaka mitatu bado lina harufu ya tunda. Likizeeka huwa jepesi, gumu, linakatika kwa mlio, na harufu inageuka ya kabati la mbao lililotunzwa. Sasa, bei hupanda kwa kila mwaka, na kuthibitisha mwaka ni kazi ngumu hata kwa mtaalamu. Hivyo maganda hupikwa kwa maji ya chai au kuokwa ili yaonekane wazee. Kipande tia kwenye maji ya moto: la uongo linatoa rangi nzito papo hapo kisha ladha inakwisha kikombe cha pili. La kweli linatoa rangi ya dhahabu taratibu, na unaweza kuongeza maji mara kadhaa. Ushauri wetu ni wa kibahili na tunausimamia: nunua la miaka mitatu au minne, usilipe hata yuan moja ya ziada kwa anayekuambia ishirini.

Kiberiti

Kabla ya kufika Oktoba lazima tuseme kuhusu moshi wa kiberiti, maana ndio unaoharibu sifa ya biashara hii. Kufukiza mitishamba kwa salfa huua wadudu, huzuia ukungu na huipa weupe unaovutia mnunuzi asiyejua. Kanuni za famakopia ya China, kitabu chao rasmi cha dawa, zinaruhusu mabaki ya dioksidi ya salfa yasiyozidi miligramu 150 kwa kilo kwa mitishamba iliyo mingi, na 400 kwa orodha fupi ya ile ngumu kukausha, kama viazi vikuu vya shanyao na mzizi wa tianma. Pua yako haipimi miligramu, lakini inatosha kukataa. Fungua mfuko uliofungwa, vuta pumzi ndefu. Ukali unaochoma pua kama njiti ya kibiriti iliyowashwa sasa hivi, rudisha. Kisha weka kipande kwenye ulimi: uchachu mahali ambapo hapapaswi kuwa na uchachu, rudisha. Mwenye pumu achukue tahadhari zaidi, kwani salfa humwamsha mtu pumu.

Kwa hiyo weupe ni kasoro. Kitu kinachouzwa kikavu kwa asili kina kingo za njano, madoa, ukubwa usiolingana. Ukikuta gunia zima linang'aa rangi moja, nenda kibanda kingine. Wauzaji wengi wana magunia mawili, lililofukizwa na lisilofukizwa, na lisilofukizwa huwa nyuma na bei yake iko juu. Uliza kwa maneno haya: wu liu, yaani bila salfa.

Oktoba: kulainisha mapafu

Msimu huu ndio Qingping inapopendeza zaidi, kwani mavuno mapya ya maua, mbegu na mizizi yanaingia. Kalenda ya kilimo ya Kichina ina vipindi 24 vya jua, iliyoingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2016, na wafanyabiashara wa maonyesho hukaa Guangzhou kati ya umande baridi, karibu Oktoba 8, na mwanzo wa baridi, karibu Novemba 7. Kiungo kinachoulizwa na wote ni cha mapafu.

Baihe ni magamba ya tunguu la yungi, na ndiyo inayofukizwa kiberiti kuliko karibu kila kitu sokoni. Nzuri ina rangi ya maziwa yaliyochemka, kingo zimegeuka kahawia kidogo, ladha tamu yenye uchungu wa mbali. Nyeupe kama karatasi, usiiguse.

Yin'er, uyoga mweupe wenye umbo la ua, nao ununuliwe wa njano hafifu, usio na harufu, wenye kitako kidogo. Upikaji wake una kosa moja la kuudhi na moja la hatari. La kuudhi: watu huukata vipande vikubwa, wakauchemsha nusu saa, kisha wakalalamika kwamba unatafunika kama mpira. Uchane vidogovidogo kwa mkono na uuchemshe saa moja na nusu mpaka maji yawe mazito na ya kuteleza. Ute huo ndio uliolipiwa. La hatari: kuuloweka usiku kucha nje ya friji. Uyoga mkavu uliolowekwa muda mrefu mahali pa joto unaweza kuota bakteria inayotengeneza asidi ya bongkreki, sumu isiyo na harufu wala ladha, ambayo kuchemsha hakuiondoi. Imeua familia China kupitia yin'er na uyoga mweusi. Sumu hiyohiyo iligunduliwa kwenye pombe ya kienyeji iliyoua zaidi ya watu 70 Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, Januari 2015. Kwa hali ya hewa ya Dar au Mombasa, loweka saa mbili kwenye maji baridi, ukizidisha weka kwenye friji, na ukikuta utelezi au harufu ya ajabu tupa wote.

Kipimo: yin'er kavu gramu 15, baihe 15, pea moja kubwa na ganda lake, mbegu za yungiyungi 20, sukari mawe gramu 30, maji lita moja na nusu. Gouqi, zile beri nyekundu kutoka Ningxia, konzi moja, ziingie dakika kumi za mwisho. Zikichemshwa tangu mwanzo zinachacha na kupasuka. Gouqi nzuri ina doa jeupe pale ilipoachana na kikonyo. Iliyopakwa rangi ni nyekundu mpaka kwenye doa hilo, na maji ya baridi yanakuwa mekundu ndani ya dakika moja.

Utaona pia xingren, kokwa za aprikoti, zikiuzwa kwa aina mbili zilizochanganywa, ya kusini na ya kaskazini. Ya kusini ni pana, tamu, salama. Ya kaskazini ni ndogo, nene, chungu, na uchungu wake ni amigdalini, ambayo tumboni huzaa sianidi. Kipimo rasmi cha mtu mzima kwa siku ni gramu 5 hadi 10 zilizochemshwa. Si karanga ya kutafuna njiani, na watoto wasipewe. Kama huna hakika unaweza kuzitofautisha, nunua za kusini peke yake. Supu haitakulaumu.

Luohanguo, tunda la mviringo la Guangxi, ni zawadi nzuri kwa wazazi wenye sukari waliokatazwa asali, maana utamu wake kwa sehemu kubwa hautokani na sukari. Nusu tunda kwa lita moja ya maji inatosha. Tikisa kabla ya kununua: linalogonga ndani limekauka kupita kiasi au limeungua, na litatoa ladha ya moshi.

Kiangazi na baridi, kwa kifupi

Wanaokuja Julai wachukue choroko, maua ya juhua na xiakucao, wasipoteze muda kwa kingine. Siku hizo za joto kali pia kuna plasta za mgongoni za sanfu, zenye haradali nyeupe na dawa nyingine kali zilizokandwa kwa maji ya tangawizi, zinazobandikwa mara tatu kwa kupishana siku kumi kwa ajili ya pumu na mafua sugu. Hutoa malengelenge zikikaa muda mrefu. Za hospitali zina kipimo cha muda, za kibandani hazina. Acha.

Wanaokuja Desemba wana bahati ya supu moja inayokubalika moja kwa moja katika jiko la Kiislamu, ya mzizi wa danggui, tangawizi na nyama ya kondoo, mapishi yanayohusishwa na tabibu Zhang Zhongjing wa karne ya pili na ya tatu. Danggui ya wilaya ya Min, Gansu, gramu 10, tangawizi gramu 30 hadi 50, nyama nusu kilo, saa mbili. Wapishi wa mara ya kwanza huweka danggui gramu 40 na supu inanuka duka la dawa. Anayemeza warfarini asiinywe hata kidogo, kwani danggui huongeza hatari ya kutoka damu. Gouqi nayo ina tatizo hilohilo.

Vioski vya liangcha

Kando ya soko na kila pembe ya mji kuna vioski vya chai baridi ya mitishamba, liangcha, iliyo kwenye orodha ya taifa ya urithi usioshikika tangu 2006. Jina kongwe, Wong Lo Kat, linahesabu mwanzo wake 1828. Toleo la kopo linalopatikana madukani lina xiancao, franjipani, buzhaye, juhua, jinyinhua, xiakucao na mzizi mtamu wa gancao, lakini kwenye lebo sukari inatangulia mitishamba yote. Ni soda yenye adabu. Kioskini agiza wuhuacha, chai ya maua matano, yenye utamu wa wastani, au kwa wenye ujasiri, ya ladha 24, chungu kuliko mwarobaini. Kikombe kimoja baada ya chakula cha kukaanga kinatosha. Kunywa kila siku kwa wiki nzima huishia tumbo kuuma na kuhara, na wenyeji wenyewe hawafanyi hivyo.

Chai ya mafua ya kioskini tunaipa alama ya chini. Mamlaka za Guangdong zimewahi kukamata wauzaji waliotia parasetamoli na klofeniramini, dawa ya mafua inayoleta usingizi, kwenye birika ili mteja apate nafuu ya haraka. Ukinywa hiyo na huku una panado mfukoni, unazidisha dozi bila kujua. Dalili ya kutilia shaka ni usingizi mzito baada ya nusu saa.

Kuna jambo wauzaji wa Kusini mwa China wanalijua vizuri kuliko sisi. Wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi inayofanya chembe nyekundu za damu zipasuke kirahisi, huonywa huko wasitumie jinyinhua, huanglian, niuhuang, maua ya lamei na unga wa lulu. Hali hiyo imeenea katika maeneo yenye malaria, ukanda wetu wa Pwani ukiwemo, na wengi wanayo bila kupimwa. Jinyinhua imo karibu katika kila birika la liangcha. Kama wewe au mwanao aliwahi kupata mkojo wa rangi ya kokakola baada ya dawa ya malaria ya primakwini au maharage ya fava, pita kioski moja kwa moja.

Vya kuacha, na vya kufunga

Usinunue kitu chochote kilichosagwa. Unga hauna umbo, hauna kingo, hauna ushahidi. Michanganyiko ya kupunguza unene hasa, kumbuka Ubelgiji: mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake waliopewa vidonge vya kupunguza mwili Brussels waliharibikiwa figo kwa sababu mzizi mmoja wa Kichina ulibadilishwa na mwingine wenye asidi ya aristoloki. China yenyewe ikaondoa guanmutong 2003 na guangfangji 2004. Usinunue pia fuzi na ndugu zake chuanwu na caowu, mizizi ya akoniti. Bila kuchemshwa muda mrefu kwa utaratibu wake, husimamisha moyo.

Magamba ya kakakuona ni kosa la jinai kuyabeba, wanyama wote wa jamii hiyo wako Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2017. Tianma na shihu ni jamii ya okidi, zinahitaji kibali. Ejiao, gundi ya ngozi ya punda inayosifiwa kwa damu ya wanawake, ni halali dukani, lakini anayetoka kijiji ambacho punda wameibwa usiku na kuchunwa anajua ngozi inatoka wapi. Viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana Februari 2024 kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Sisi hatuipendekezi.

Karafuu, ubani na manemane utaziona zimepangwa kwa heshima kubwa, na nyingine zimesafiri kutoka upande wetu wa bahari. Kuzinunua huko uzirudishe Zanzibar au Mombasa ni kuchezea pesa.

Mbegu kama yimi, chixiaodou na choroko zinahesabika kama mazao, hivyo zinahitaji kibali cha afya ya mimea: TPHPA kwa Tanzania, KEPHIS kwa Kenya, na kibali hicho huombwa kabla ya kusafiri. Kinachoandikwa dawa kwenye pakiti kinaangukia TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania. Viungo vikavu vilivyofungwa kiwandani, kiasi cha nyumbani, vyenye lebo na risiti, huleta maswali machache kuliko mifuko ya nailoni isiyo na jina. Kwa kibanda cha mzigo mdogo, mwambie muuzaji afunge kwa mashine ya kutoa hewa, vingi vinayo.

Ukifika nyumbani, fuata hewa ya kwenu, si ya Guangzhou. Kwa mantiki yao wenyewe, supu ya Aprili inakwenda na masika ya Dar, Tanga na Mombasa. Ile ya pea na yin'er inafaa zaidi Dodoma mwezi wa Julai, vumbi likiwa limetanda. Usiipike kwenye sufuria ya alumini tuliyoizoea; chungu cha udongo au stenlesi.

Gouqi na yimi ziweke kwenye friji ndani ya chupa, miezi sita basi, maana joto la Pwani huzitia wadudu kwanza. Baihe na yin'er hukaa mwaka kabatini zikiwa kavu. Chenpi isifungiwe nailoni. Iweke kwenye chombo cha bati au udongo kisichobana sana, itoe juani saa mbili tatu kila kiangazi, iache ipoe kivulini kabla ya kuirudisha. Ikiwa na ukungu mweupe juu ya ngozi, futa kwa brashi kavu na ianike. Ikiwa ukungu umeingia upande wa ndani na umegeuka kijani au mweusi, tupa.